Tandu wa udongo: Wapwani wa Kitengela, hesabuni miguu kabla ya kumwaga dawa

Mvua ya masika ikishaloweka udongo wa Kitengela, simu za Wapwani tunaoishi huku hujaa picha za mdudu mmoja. Mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, rangi baina ya manjano na nyekundu, miguu chungu nzima, na kila mara amepatikana mahali udongo umefukuliwa: kwenye mtaro wa msingi, shimo la choo, au chini ya jiwe la kukanyagia mlangoni. Chini ya picha huwa na swali: "Jamani, huyu ni tandu? Anauma?" Kabla jibu halijafika, mdudu keshapondwa na uwanja mzima umemwagiwa dawa ya mchwa.

Ndiyo, ni tandu. Lakini si yule tuliyelelewa tukimwogopa kule nyumbani, yule wa kujificha kwenye makuti na kuni, ambaye akikupiga hulali. Huyu wa uzi ni jamaa yake wa chini ya ardhi, na kwa binadamu hana madhara ya kutajika. Madhara yanatokana na ile dawa.

Bi mkubwa mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Malindi, alikuwa akipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Miche ikawa inaanguka, imekatwa shinani. Alipochimbua akakuta nyuzi mbili tatu za huyo mdudu zikijinyonganyonga. "Mwanangu, hawa ndio wanaonimalizia mboga," akaniambia, na tayari alikuwa ameshamwaga dawa iliyobaki kwa fundi aliyemjengea, ile ya kunyunyizia msingi kuzuia mchwa. Wiki ya pili miche ikaendelea kuanguka vilevile. Mkataji alikuwa kiwavi mnene wa kijivu, anayetoka usiku na kujikunja kama pete akiguswa, na tandu wa udongo ni miongoni mwa wanaokula viluwiluwi vya wadudu kama hao. Bi mkubwa alikuwa amemuua askari na kumwacha mwizi, na mboga zile akalazimika kuzing'oa zote, maana dawa ya msingi haikutengenezwa kwa kitu kitakachoingia tumboni.

Hapo ndipo nilipoona haja ya kuandika juu ya maumbile ya mdudu huyu. Ukimjua kwa mwili wake hutamchanganya na mwingine.

Tuanze na miguu. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina aina zaidi ya 3,000 za tandu duniani, na katika hizo zaidi ya 1,200 ni za udongoni. Kundi hili la udongoni huitwa Geophilomorpha, jina la Kigiriki lenye maana ya kupenda ardhi. Tandu wote wana jozi moja ya miguu kwa kila pingili ya mwili. Jongoo, ambaye watu wengi humweka kapu moja na tandu, ana jozi mbili kwa pingili zake nyingi, anakula majani yaliyooza, na akiguswa hujikunja kama koili ya mbu. Tandu hajikunji hivyo, na hali majani. Ni mwindaji.

Yule tandu mkubwa wa kuogopwa, ambaye Linnaeus alimwandika mwaka 1758 kwa jina la Scolopendra morsitans, yaani mwenye kuuma, ana jozi 21 za miguu. Tandu mwenye miguu mirefu kama buibui, anayekimbia ukutani usiku, ana jozi 15. Wa udongo huanzia jozi 27 na wapo wanaofika 191. Ajabu ni kwamba hesabu ya jozi zao daima huwa ni ya witiri: 45, 47, 49, 51, na kuendelea. Ndiyo kusema tandu kamili wa miguu mia moja hayuko, kwa sababu mia moja ingekuwa jozi hamsini, nayo ni shufwa. Kwa lugha nyingi za Ulaya jina la mdudu huyu lina maana ya "miguu mia". Sisi tulimwita tandu, tukaepuka kosa la hesabu.

Jambo la pili la kushika ni kwamba hesabu hiyo haibadiliki mdudu anapokua. Tandu wa udongo hutoka katika yai akiwa na miguu yake yote, na yule mkubwa pia hivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa tandu mkubwa, hata akiwa mwembamba na mdogo kama njiti ya kiberiti, ana jozi 21 tayari. Hapa ndipo watu wa picha za simu wanapokosea pande zote mbili: wapo wanaomkimbia wa udongo, na wapo wanaomshika mtoto wa mkubwa wakidhani ni wa udongo. Mfunike kwa gilasi juu ya karatasi nyeupe, piga picha kwa simu, ikuze, kisha hesabu upande mmoja. Ukifika 21 na miguu imekwisha, usimguse. Ukifika 30 na bado unaendelea, huyo ni wa udongo.

Kwa asiye na subira ya kuhesabu, tazama kichwa na mkia. Tandu mkubwa ana macho, vitone vinne kila upande wa kichwa, na miguu yake ya nyuma kabisa ni minene, yenye miiba, kama koleo. Wa udongo hana macho kabisa. Kichwa chake ni bapa, kina vipapasio viwili vyenye vipande 14 kila kimoja, wala havizidi wala havipungui. Kwa vipapasio hivyo hujua njia, chakula na mwenziwe. Miguu yake ya mwisho nayo si ya kutembelea. Huiburura nyuma na kuitumia kupapasa, kana kwamba ana vipapasio vingine mkiani. Ndiyo maana ukimwona anarudi kinyumenyume kwenye tundu lake hahangaiki wala hagongi.

Kutokuwa na macho hakumaanishi kwamba hajui mchana na usiku. Ukimfunua juani atajinyonga kutafuta kiza mara moja. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma chembe za urithi zote za tandu wa udongo wa Ulaya aitwaye Strigamia maritima, anayeishi ufuoni chini ya mawe. Walitafuta jeni zozote zinazojulikana za kuhisi mwanga, hawakupata hata moja, na hata zile za kupima saa za siku zimepotea. Na bado mdudu huyo anakwepa mwanga! Anaupokea kwa njia nyingine.

Sasa sumu, kwa sababu hilo ndilo linalomtia mtu hofu. Wengi wetu tuliambiwa tandu anachoma kwa mkia. Si kweli kwa tandu yeyote. Tandu anauma kwa mbele, lakini si kwa meno. Jozi ya kwanza kabisa ya miguu imegeuka kuwa makucha mawili yaliyopinda chini ya kichwa, na ndani yake mna mfuko wa sumu na tundu karibu na ncha. Yaani tandu anakuuma kwa miguu. Wa udongo anayo makucha hayo pia, maana lazima amuue kiwavi au nyungunyungu mdogo, lakini ni madogo mno na aghalabu hayapenyi ngozi ya mtu mzima. Akipenya, huwa ni mwasho mfupi.

Silaha yake ya pili iko tumboni. Kwa aina nyingi za tandu hawa, upande wa chini wa pingili una vitundu vidogo vidogo vinavyotoa ute wa kunata. Siafu au buibui akimshika, ute huo humgandisha mdomo. Baadhi ya aina huchanganya humo hata sianidi kidogo, ndiyo maana mtu akimponda husikia harufu kali. Kwa kiasi kilichomo si cha kumdhuru mtu. Bora tu unawe mikono kwa sabuni, na watoto wasimtie mdomoni.

Katika wale wa udongo iko jenasi moja ambayo napenda kuieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu inapatikana sana katika nchi za joto na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwa sababu jina lake lenyewe ni maelezo. Inaitwa Mecistocephalus. Aliyeipa jina ni George Newport, tabibu wa Kiingereza, mwaka 1843, na kwa Kigiriki maana yake ni mwenye kichwa kirefu kupita kiasi. Tandu wengi wa udongo wana kichwa kifupi, cha duara au mraba. Huyu kichwa chake ni kirefu kuliko upana wake, kigumu, chenye rangi ya hudhurungi au nyekundu ya kutu, na makucha ya sumu yake yana rangi hiyohiyo na yanajitokeza mbele ya kichwa, unayaona hata ukimtazama kutoka juu. Mwili nyuma yake ni wa manjano hafifu, mpana karibu na kichwa na unapungua kadiri unavyokwenda mkiani. Kwa mbali utadhani ni uzi wa manjano uliochovywa ncha kwenye chai ya rangi. Upande wa chini, pingili nyingi zina mfereji katikati. Jozi ya mwisho ya miguu ni myembamba na haina ukucha.

Kitu kingine cha Mecistocephalus ni uaminifu wake kwa hesabu. Kwa tandu wengi wa udongo, ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana, huyu ana jozi mbili zaidi, huyu mbili pungufu, na jike kwa kawaida humzidi dume. Kwa Strigamia imeonekana hata joto la mahali mayai yanapokulia hubadilisha idadi: penye joto zaidi, miguu zaidi. Lakini kwa Mecistocephalus takriban kila aina ina idadi yake moja, dume na jike sawa, mara nyingi 49, kwa nyingine 45, 47 au 51. Ni wachache tu wanaovunja sharti hilo, kama mmoja wa Ufilipino mwenye jozi karibu mia moja.

Mnaojenga huku Kajiado mtajiuliza anaishije katika udongo wetu. Sehemu kubwa ya Kitengela, kuelekea Isinya na mbuga za Athi na Kapiti, ni udongo mweusi ambao mafundi huuita blak koton. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Mvua ikinyesha hufura, hunata kwenye viatu na kufunga nyufa zote. Ndiyo sababu fundi mwaminifu hukwambia uuchimbe uondoke wote, ujaze maramu, kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Asiyefanya hivyo nyumba yake hupasuka ukuta.

Tandu wa udongo ameumbwa kwa nyufa hizo. Hachimbi kwa miguu kama fuko. Anatembea mithili ya nyungunyungu: pingili za mbele hujinyoosha na kuwa nyembamba, akaingiza kichwa ufani, kisha hujifupisha na kunenepa, akasukuma kuta mbali, halafu miguu ikavuta kilichobaki. Ngozi baina ya pingili zake ni laini na yenye kunyumbuka, na upande wa mgongo na wa tumbo kuna vibamba vidogo vya ziada vinavyomruhusu kurefuka na kufupika. Tandu mkubwa hana uwezo wa kufanya hivyo kwa kiasi hicho. Yeye ni mkimbiaji wa juu ya ardhi, huyu ni mpenya.

Udhaifu wake ni maji. Ngozi yake haizuii unyevu kutoka, na vitundu vyake vya kupumulia, ambavyo viko kwenye kila pingili yenye miguu isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, haviwezi kufungwa barabara. Ukimwacha juani dakika chache anakauka. Kwa hiyo kiangazi huzifuata nyufa kwenda chini penye unyevu, na huwezi kumwona. Katika ukame ule wa 2020 hadi 2023, uliowamaliza ng'ombe wa wafugaji wengi wa Kajiado, mtu angeweza kulima mwaka mzima asimkute. Halafu masika yakija, nyufa zinajaa maji, hewa inaisha kule chini, naye anapanda juu pamoja na kila kiumbe cha udongoni. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaingiza hata sebuleni mwa watu. Hawakuja kuvamia nyumba. Wakikaa juu ya sakafu ya saruji iliyokauka hawaoni asubuhi. Fagia, weka kwenye kizoleo, tupa bustanini.

Bustanini ndiko kwenye kazi yake. Lakini hapa nitoe tahadhari kwa wenye mahema ya nyanya na pilipili hoho, maana ni wengi sasa kuanzia Kitengela hadi Isinya. Yuko mdudu mwingine mdogo mweupe anayefanana na mtoto wa tandu, urefu wake hauzidi sentimita moja, mwepesi wa kukimbia mwanga, naye kweli anakula vimizizi na kudumaza miche. Huyo anaitwa simfila, na si tandu. Hesabu ileile inatoa hukumu: mkubwa wake ana jozi 12 tu za miguu, na hana makucha ya sumu. Ukiona vyeupe vya jozi 12 vimejaa mizizini, hapo una tatizo la kumpelekea afisa wa kilimo. Ukiona nyuzi za manjano au nyekundu zenye jozi 40 na zaidi, huenda zimekuja kwa sababu ya chakula kilichopo, na chakula hicho ni wadudu wako waharibifu.

Na ikibidi kutumia dawa, soma kibandiko. Kila dawa ya wadudu iliyosajiliwa kisheria Kenya na bodi ya serikali, PCPB, imeandikwa ni ya mdudu gani, zao gani, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Ya mchwa wa msingi ni ya msingi. Haiwi ya mchicha kwa kuwa ilibaki nusu chupa.

Mama wa tandu wa udongo pia ana habari yake. Akishataga hujikunja kuyazunguka mayai, na hukaa hapo wiki kadhaa bila kula, akiyalinda na kuyasafisha yasiote ukungu, mpaka watoto waweze kujitegemea. Wa Mecistocephalus huyakumbatia kwa upande wa tumbo, kama afanyavyo tandu mkubwa. Wengi wa jamaa zao wengine hujikunja kinyume, mgongo ukiwa ndani na tumbo nje, labda ndiyo wawe na ule ute wa kunata tayari kwa adui. Ukimsumbua sana, huyatupa mayai au huyala mwenyewe. Kwa hivyo ukiinua jiwe ukakuta amejikunja kama pete na punje nyeupe katikati, lirudishe taratibu.

Kwa upande wa yule mkubwa wa jozi 21, ambaye na Kajiado yuko, hasa chini ya mawe na kuni, usidharau. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni. Wengi hupata nafuu wakiloweka mahali palipoumwa katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyounguza, na wengine kwa barafu. Vidonge vya kawaida vya maumivu husaidia. Usichanje kwa wembe, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Uso ukivimba, pumzi ikibana, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, nenda hospitali usingoje asubuhi. Na mdudu yeyote akiingia sikioni, awe tandu au mende, usichokoe kwa kijiti wala kwa pini ya nywele. Daktari humuua kwanza kwa mafuta au dawa ya ganzi ndipo amtoe, kwa sababu akiwa hai na akichokolewa huzidi kwenda ndani.

Mkienda Pwani likizo ya Agosti, tafuteni na jamaa mwingine wa huyu wa Kitengela. Anaitwa Orphnaeus brevilabiatus, ameenea nchi za joto duniani kote, na hupenda chini ya magogo na majani yaliyooza. Inua gogo la mnazi usiku, zima tochi, mguse kwa kijiti chembamba. Akikasirika, tumboni mwake hutoka ute wa kung'aa kwa kijani, unaobaki kwenye kijiti na kwenye ardhi alipopita, kisha unafifia baada ya nukta chache. Bila shaka yuko mtu aliyeuona mwanga huo zamani akausimulia kuwa ni jini. Hana macho ya kuuona mwenyewe.